Nguzo za turubai letu zilijikunja usiku: ninunue zipi zilizo nyepesi?

*"Shikamoo fundi. Mwezi wa nane mwaka jana tulitembea watatu kutoka Lushoto mpaka Mtae kwa siku nne, tukilala chini ya turubai la nailoni la mita 3 kwa 4. Kwa nguzo nilitumia zile fito nyembamba za alumini za hema la mtumba lililochanika. Nilizikata mita moja na nusu kila moja. Usiku wa mwisho, ukingoni mwa genge, upepo ulikuja kwa vishindo na nguzo zote mbili zikajikunja. Tulilala turubai likiwa usoni. Mwaka huu tunarudi. Muuzaji mmoja ananiambia alumini haifai, ninunue za kaboni, na bei aliyonitajia ni karibu nusu ya mshahara wangu. Mwenzangu mmoja anataka nguzo za mita mbili ili tuweze kusimama ndani. Mwingine anasema tusibebe chochote, tukate miti hukohuko. Mimi mgongo wangu hautaki uzito. Nguzo ipi ni nyepesi lakini haitajikunja, na iwe ndefu kiasi gani?"*

Marahaba, ndugu yangu, na poleni kwa usiku ule. Ukingo wa Mtae naufahamu. Upepo ukifika kwenye mdomo wa genge hubanwa na kuongeza kasi, na aliyelala hatua hamsini ndani ya kijiji huenda asijue mnachopitia nyie mliolala ukingoni kwa ajili ya kuiona nyika ya Mkomazi asubuhi.

Nikikusoma vizuri, una hofu mbili zinazovutana: mzigo mgongoni na turubai kuanguka. Muuzaji wako amezifunga pamoja na kukupa jibu moja la bei kubwa. Mimi sikubaliani naye. Alumini haina kesi ya kujibu hapa. Kilichowaangusha ni wembamba wa fito, urefu wake, na kwa namna ulivyoeleza nahisi pia vigingi vyenu vilikuwa karibu mno na nguzo. Mambo hayo matatu yanatengenezeka bila kuuza mbuzi.

Kabla hatujafika dukani, nenda nyuma ya mlango ukachomoe chelewa moja kwenye ufagio. Isimamishe wima juu ya meza, weka ncha ya kidole juu yake, kandamiza polepole. Haivunjiki, wala haisagiki. Inatoka pembeni tu, inakuwa upinde, na kidole chako kinashuka. Sasa ikate katikati, usimamishe kipande kimoja, ukandamize tena. Utasikia kidole kinauma kabla kipande hakijaanza kupinda. Mti ni uleule na unene ni uleule, ila nguvu inayohitajika kuupinda imekuwa mara nne. Mwanahisabati wa Uswisi, Leonhard Euler, alilifanyia hesabu jambo hili katika karne ya 18, na wajenzi wanaitumia mpaka leo: kitu chembamba kinachokandamizwa kutoka juu kikirefushwa mara mbili, uwezo wake unabaki robo. Si nusu. Robo.

Hivyo ndivyo nguzo ya turubai inavyokufa. Haivunjiki kwa sababu imeshindwa kubeba; inatoka pembeni kwanza, na ikishatoka pembeni turubai linaisukuma zaidi, kisha ndipo inapokunjika. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si "ina nguvu kiasi gani?" bali "ni nene kiasi gani, na mimi nitaisimamisha kwa urefu gani?"

Unene ndio unaolipa kuliko kitu kingine chochote. Chukua fito za hema kama zako: mara nyingi huwa na kipenyo cha milimita 8.5 hivi, na ukuta wake, yaani unene wa alumini yenyewe, haufiki hata milimita moja. Nikiifanyia hesabu ya Euler kwa urefu wa mita moja na nusu, inaanza kutoka pembeni ikikandamizwa na kilo tatu na nusu au nne tu. Umesoma sawasawa: mtoto mchanga angeipinda. Sasa chukua bomba la alumini lenye kipenyo cha milimita 16 na ukuta wa milimita 1, urefu uleule: linafika kilo 41. Fito yako ilikuwa na uzito wa gramu 60 hivi, bomba hili lina gramu 190. Umeongeza gramu 130, umepata nguvu mara kumi na moja. Sijui sehemu nyingine ya mkoba wako ambapo gramu 130 zitakufanyia kazi kama hiyo.

Ukiuliza kwa nini basi fito hizohizo zilisimamisha hema lile la mtumba kwa miaka, ni kwa sababu hazikusimama wima. Kwenye hema la kuba fito imekwishapindwa tangu mwanzo, na kitambaa kimeishika kwa ndoano au kwa mfuko kuanzia mguu mpaka mguu, hivyo haina pa kutokea. Uliponyoosha fito ile na kuisimamisha peke yake, uliipa kazi ambayo haikuzaliwa nayo. Usizitupe, lakini. Ikatwe sentimita 60, fito ileile inabeba kilo 20 na zaidi kidogo, na kimo hicho kinatosha kuinua upande wa miguuni siku mnapotaka turubai liiname. Mimi hubeba moja ya namna hiyo kila safari.

Sasa suala la aina ya alumini, maana hapa ndipo watu wanapoliwa pesa. Nguzo za hema za bei hutengenezwa kwa alumini iliyochanganywa na zinki, ile ya namba 7075 na jamaa zake. Madirisha ya nyumba zetu yanatengenezwa kwa alumini laini zaidi, namba 6063. Ile ya kwanza inastahimili zaidi ya mara mbili kabla haijapinda moja kwa moja na kukataa kurudi. Hiyo ni kweli, na kwenye fito inayopindwa kuwa kuba kila jioni tofauti hiyo ni kubwa. Lakini ukakamavu, yaani ule ubishi wa kukataa kutoka pembeni, ni karibu sawa kwa zote mbili. Kwa nguzo nyembamba iliyosimama wima, ukakamavu ndio unaoamua. Maana yake ni kwamba bomba la milimita 16 linalotoka kwa fundi wa madirisha mtaani kwako litakataa kutoka pembeni karibu sawasawa na lile la kutoka ng'ambo lenye maandishi ya dhahabu. Watakapotofautiana ni siku mtu atakapolikalia.

Na kaboni? Sitaki kuwa muungwana wa upande mmoja. Kaboni ni kitu kizuri. Kwa uzito uleule, nguzo ya kaboni inaweza kuwa kakamavu mara mbili ya alumini au zaidi kidogo, kutegemea nyuzi zake zilivyolazwa. Nina jozi moja na ninaipenda. Ila tazama unachonunua hasa: kwa nguzo mbili za urefu nitakaokutajia hapa chini, akiba yake ni kama gramu 150, theluthi ya chupa ya maji ya nusu lita. Halafu kaboni haina onyo. Alumini ikizidiwa inapinda, unainyoosha kwa goti, unafunga kijiti pembeni kama bandeji, na usiku unaendelea. Kaboni inapasuka kwa mlio mmoja, inakuachia nyuzi kali kama miiba zinazoingia kiganjani na kuchana kitambaa. Mdomo wake nao hupasuka ukiupigiza kwenye jiwe, na ufa hauonekani mpaka siku ya upepo. Mtu anayetembea wiki tatu mfululizo na kuhesabu kila gramu, anunue. Mtu wa siku nne mwenye mshahara kama wako, hapana. Ukitaka kupunguza gramu 150, acha nyumbani kopo la pili la maharage.

Vitu vingine unavyoweza kuambiwa nitavipitia haraka. Bomba la plastiki la waya za umeme linadanganya macho, maana ni nene. Lakini plastiki ile ni laini kiasi kwamba bomba la milimita 20 kwa mita moja na nusu halibebi zaidi ya kilo tano hivi, na juani linazidi kulegea. Fito za fibaglasi ni nzito kuliko alumini na zina nusu ya ukakamavu wake. Zikichakaa zinatoa vumbi la vibanzi linalowasha kama upupu. Mpini wa mopu wa bati ni mgumu na rahisi kupatikana, una kimo kinachokaribia kufaa, na kwa majaribio ya uani sina neno nao. Mgongoni utausikia.

Mwanzi ni habari nyingine, na nasikitika watu wanaudharau kwa sababu hauna lebo. Mwanzi uliokomaa na kukauka kivulini, wenye kipenyo cha milimita 25 na ukuta wa milimita 5, ukiukata mita moja na sentimita ishirini una gramu 260 hivi, na kwa makadirio ya kawaida unabeba mara mbili ya bomba la alumini nililolitaja. Unachokosa ni kukunjika: hauingii mkobani. Kwa anayesafiri na pikipiki au gari, au anayekubali kuushika mkononi kama mkongojo mchana kutwa, sijaona cha kuushinda kwa bei. Ukate sentimita chache nje ya pingili kila ncha, ili pingili iwe kama kizibo na mdomo usipasuke. Ukiona vitundu vidogo vyenye unga mweupe, bungua wameshaingia, uache.

Tuje kwenye urefu, ambapo mwenzako wa mita mbili atanichukia. Turubai lenu ni mita 3 kwa 4. Mkiliweka kama paa la nyumba, mgongo wake ukiwa ule upande wa mita 3, kila ubavu unabaki na mita 2 za kitambaa. Mgongo ukiinuliwa mita 1.2, kingo zikigusa ardhi, sakafu inakuwa na upana wa mita 3.2. Watatu mnalala kwa raha, vichwa upande mmoja, na kila ncha kuna nusu mita ya akiba ya kuzuia mvua ya upepo. Mtu mzima akiketi chini anafika sentimita 90 hivi, kwa hiyo mnaketi, mnakula, mnacheza karata. Mkiinua mgongo hadi mita 1.4 bado mna upana wa mita 2.8 na zaidi. Mkiinua mita 2, kitambaa chote kimetumika kwenda juu. Mbavu zinaning'inia wima, sakafu haipo, na ili mpate pa kulala itabidi kingo zielee hewani na mvua iingie chini yake. Hamwezi kusimama ndani na kulala pakavu kwa turubai moja la kadiri hiyo.

Na mnakumbuka chelewa. Bomba lile la milimita 16 lililobeba kilo 41 kwa mita moja na nusu, kwa mita 1.2 linabeba kilo 65, na kwa mita 2 linabaki na 23. Uzito wake kwa mita 1.2 ni kama gramu 150. Ufupi, kwa hiyo, unawapa vitu vitatu kwa wakati mmoja: nguzo nyepesi, nguzo yenye nguvu, na paa linaloonyesha upepo ubavu mdogo. Hesabu hizi zote ni za nguzo iliyonyooka kabisa na kukandamizwa katikati kabisa. Uwanjani nguzo haijanyooka na ringi ya turubai inavuta pembeni, kwa hiyo mimi huchukua nusu ya kila namba na kujifanya ile nusu nyingine sikuiona.

Kama mnataka mlango mrefu wa kupikia, basi nguzo moja tu iwe na kipande cha ziada cha sentimita 30, mpate mita moja na nusu upande mmoja. Usiku wa upepo kipande hicho kinatolewa.

Sasa kamba. Baba yangu alikuwa baharia wa Pangani, na aliyenifundisha nguzo za hema ni yeye, ingawa hakuwahi kulala ndani ya hema. Alikuwa akisema mlingoti hausimamishi jahazi. Kamba ndizo zinazousimamisha mlingoti, nao kazi yake ni kukataa kufupishwa. Nguzo yako ni vilevile. Turubai linaivuta kuelekea ndani, kamba inaivuta kuelekea nje, na mivuto hiyo miwili ikikutana juu inageuka kuwa mkandamizo wa kwenda chini. Mkandamizo huo ukubwa wake unautengeneza wewe mwenyewe kwa mahali unapochomeka kigingi.

Hesabu yake ni rahisi hata kwa tochi ya kichwani: gawanya kimo cha nguzo kwa umbali wa kigingi kutoka mguu wa nguzo, kisha zidisha kwa mvuto wa turubai. Tuseme turubai linavuta kilo 20 na nguzo ina mita 1.2. Kigingi kikiwa sentimita 60 kutoka kwenye nguzo, nguzo inakandamizwa kwa kilo 40. Kikiwa mita 1.2, kilo 20. Kikiwa mita 1.8, kilo 13 tu. Kipande cha kamba cha sentimita 60 kina uzito wa gramu chache, na kimeondoa theluthi moja ya mzigo. Ndiyo maana nilisema nahisi vigingi vyenu vilikuwa karibu. Ukingoni mwa genge nafasi ni finyu, giza limeingia, watu wamechoka, kila mtu anachomeka kigingi pale alipopiga magoti. Upande unaotoka upepo, tumia kamba mbili zilizotanuka kama miguu ya mkasi badala ya moja. Nguzo ikishikwa hivyo haiyumbi kushoto na kulia, na kuyumba ndiko kunakoanzisha kutoka pembeni.

Ujue pia unapambana na nini. Upepo wa kilomita 36 kwa saa, ambao unayumbisha miti midogo lakini haujatisha mtu, ukigonga ubavu wa turubai lenu unasukuma kwa kilo 20 na kitu. Upepo ukiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne, yaani kilo 80 na ushee. Sehemu kubwa inaingia kwenye kamba na vigingi, nguzo inapata fungu lake. Ndiyo sababu siku mbaya huwa sisubiri: nashusha ncha moja ya mgongo mpaka chini, ile inayoelekea upepo, nabaki na nguzo moja upande wa pili. Mnakosa nafasi, mnalala mmebanana kama dagaa, lakini mnalala.

Umetaja mgongo. Je, magoti nayo? Kama mnatumia fimbo za kutembelea milimani, au mmekuwa mkifikiria kuzinunua, hapo ndipo nguzo nyepesi kuliko zote ilipo, kwa sababu tayari umeibeba kwa kazi nyingine. Nyingi hurefuka kutoka mita 1 na kitu mpaka mita 1.35, na njia ile ya kupanda na kushuka mabonde ya Usambara ni rafiki wa fimbo. Angalia kufuli lake. Yale ya kuzungusha ndani hulegea yakipata mchanga na kuteleza usiku polepole, asubuhi unakuta paa limeshuka bila hata upepo. Yale ya kubana kwa kibano cha nje ndiyo ninayoyaamini. Dukani, irefushe mpaka mita 1.2, shika kichwani, uilalie kwa uzito wa mwili. Ikishuka hata kidogo, irudishe. Kwenye turubai igeuze: mpini chini, ncha ya chuma ipite kwenye ringi. Kasoro yake ni moja: mkitaka kuacha kambi na kwenda kutembea mchana, turubai linaanguka, maana mmeondoka na nguzo zake.

Yule mwenzenu wa kukata miti mwambieni kwa upole kwamba hapana. Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia; kukata mti humo si jambo la kuulizana. Hata nje ya hifadhi, mti mbichi ni mzito na unapinda, na kila shamba lina mwenyewe. Ila wazo lake lina mbegu nzuri ndani yake. Vijijini watu wana fito za kujengea zimeegemezwa ukutani. Kaombeni mbili, toeni cha asante, zirudisheni asubuhi. Nimefanya hivyo zaidi ya mara moja na sijawahi kunyimwa, ingawa mara moja nilipewa na watoto sita wa kunisaidia kuzisimamisha. Na palipo na miti miwili iliyo hai na imara, fungeni kamba ya mgongo kati yake, nguzo zibaki mkobani. Ila msilale chini ya mkaratusi. Matawi yake huanguka yenyewe, hata siku isiyo na upepo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mimi ningekuwa wewe ningekwenda kwa fundi wa madirisha na turubai kwapani. Mwambie akukatie mabomba ya alumini ya milimita 16, ukuta milimita 1, vipande sita vya sentimita 40, vitatu kwa kila nguzo. Akikosa 16 chukua 19: kwa mita 1.2 utaongeza kama gramu 30 tu kwa kila nguzo na hutajuta. Nenda na sumaku ndogo, maana mabomba ya pazia yanayong'aa mara nyingi ni bati lililopakwa rangi. Sumaku ikishika, si alumini. Kwenye maungio, bomba dogo liingie ndani ya kubwa sentimita tano kila upande, liteleze bila kuchezacheza, na upande mmoja lipigwe ribiti lisipotee. Maungio ndiyo mahali dhaifu kuliko pote. Likicheza, nguzo imekwisha kupinda kabla upepo haujaja. Kingo za mabomba zipigwe msasa zisikate kitambaa.

Juu, gonga kizibo cha mti mgumu chenye msumari uliokatwa kichwa, utokeze sentimita mbili na nusu kuingia kwenye ringi. Chini weka kofia ya mpira, kama zile za miguu ya viti. Na chini ya kofia hiyo weka jiwe bapa au kifuniko cha sufuria. Hili la mwisho nililipuuza mara moja kwenye mchanga wa pwani, nguzo nzuri kabisa, kamba nzuri kabisa, na saa tisa za usiku nguzo ilikuwa imezama kiganja kizima na paa lote limelegea linapigapiga kama bendera. Jingine linalofanana na hilo: nailoni ikilowa hulegea. Ikianza mvua, au umande mzito kabla ya kulala, toka nje ukaze kamba tena, hata kama mlizikaza jioni. Kitambaa kilicholegea kinapigapiga, na kila pigo nguzo inalipokea kama nyundo.

Zikishakuwa tayari, simamisha kila nguzo sakafuni, weka viganja viwili juu, kandamiza kwa nguvu ya mikono yote huku mtu mwingine akiitazama kutoka pembeni. Ikitoka upinde unaoonekana, rudi kwa fundi. Halafu mlale uani usiku mmoja, ikiwezekana usiku wa mvua. Ringi za turubai zikionyesha kuchanika pembeni, mpelekee fundi wa mahema au mshona mabegi azishonee viraka. Hiyo si kazi ya gundi wala ya kuelezwa kwa maandishi, inataka mtu akishike kitambaa. Lushoto kuna waongozaji wanaoijua njia ile mwezi kwa mwezi; mmoja wao atakuonyesha kwa kidole mahali pa kulala Mtae pasipo na ule mdomo wa genge, na hilo litakusaidia kuliko nguzo yoyote niliyoitaja.

Kama siku moja mtataka kwenda juu zaidi, Meru au Kilimanjaro, turubai hili na nguzo zake ziacheni nyumbani. Kule Kilimanjaro huruhusiwi kupanda bila mwongozaji, na juu ya mstari wa miti hakuna cha kukinga upepo. Panatakiwa hema kamili. Na popote mlipo, radi ikianza kunguruma mkiwa mgongoni mwa mlima, msibaki mkijadiliana kama alumini inavuta radi au la. Shukeni kwanza.

Niandikie kipenyo halisi cha bomba utakalolipata na unene wa ukuta wake kabla fundi hajakata, nikupigie hesabu. Mabomba ya mtaani hayaaminiki kwa maneno; kuna yanayouzwa kwa jina la milimita 1 na ukiyapima hayafiki hata 0.7.